Mkono Mmoja, Kazi Ngapi?

Kijana anayejua kuchora anaweza kuishi kwa mkono wake akiwa Kapalamsenga? Kwa mzazi swali huwa fupi zaidi: utakula picha? Kata hii ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, inajulikana kwa shaba. Mwenye nguvu huonyeshwa shimo, mwenye shamba huonyeshwa jembe, na mwenye kipaji cha mkono hupangiwa safari: nenda Mpanda, ukishindwa nenda Mwanza, au Dar es Salaam kwa shangazi. Linaloniuma ni kwamba ushauri huo hutolewa bila kupimwa. Tunamsafirisha fundi kabla hatujajua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti nne: seremala mzee, kijana mchora vibao, ambaye pia husanifu kadi na kuchapa fulana, mama mfinyanzi aliyeolewa hapa akitokea Ufipa, na mwalimu wa sekondari. Sauti nimezitunga, ila hoja zao ni zile zile zinazosikika barazani kila mtoto anapomaliza shule na kusema anataka sanaa. Nami nitaingilia pale nitakapoona jambo linapita bila kushikwa.

SEREMALA: Nianze mimi, mwenye mvi. Mshika mbili moja humponyoka. Mtu akitaka mlango wa mninga anajua aje kwangu, hana haja ya kuuliza njiani. Huyu kijana wetu leo anaandika kibao cha duka, kesho anachapa fulana, keshokutwa yuko harusini na kamera shingoni. Mteja atamkumbuka kwa lipi?

MCHORA VIBAO: Shikamoo, mzee.

SEREMALA: Marahaba, mwanangu. Jibu swali.

MCHORA VIBAO: Najibu. Vibao vya hapa kwetu vina mwisho wake. Bati nikilisugua vizuri, nikalipaka msingi mara mbili, nikapiga mistari ya chaki kwa uzi na kuandika kwa rangi ya mafuta, mwenye duka anakaa nacho miaka. Haniiti tena. Kila ninavyofanya kazi safi ndivyo ninavyojipunguzia mteja huyo huyo. Mjini maduka hayaishi, unaweza kuandika vibao hadi uzeeke. Hapa nikimaliza barabara moja nimemaliza soko. Baada ya mavuno kuna harusi, kwa hiyo kuna kadi za mchango. Shule zikifunga kuna mahafali, watu wanataka fulana. Uchaguzi ukija kuna mabango. Masika hakuna kitu, nalima. Hebu nionyeshe, mzee, ni msimu upi katika hiyo ambao kazi moja ingenilisha.

MWALIMU: Na hilo halijaanza leo. Mama hapa ametoka Ufipa, atanisahihisha nikikosea. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yakayeyusha chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mtu kuvuta mivukuto. Ni ufundi ambao watafiti wameuandikia vitabu. Kazi ile ilikuwa ya kiangazi. Mvua ikianza, fundi yule yule alikuwa shambani. Hakuna aliyemwambia hajui anachokitaka.

SEREMALA: Tanuri lilikuwa moja, mwalimu. Alikwenda kulima, lakini aliporudi alirudi kwenye tanuri. Hakurudi na kamera.

Hapo mzee amesema neno ambalo nisingependa lipite. Kulima masika na kuyeyusha chuma kiangazi ni riziki mbili za mtu mmoja, na kila moja ina shina lake. Kuandika kibao, kusanifu kadi, kuchapa fulana na kutengeneza lebo ni jambo jingine. Kazi hizo zote zinatoka kwenye ujuzi mmoja: kujua herufi ikae wapi, nafasi kati ya herufi na herufi iwe kiasi gani, rangi ipi isomeke kutoka ng'ambo ya barabara, na jicho la msomaji litue wapi kwanza. Mtu aliyejifunza hayo kwa brashi anayahamishia kwenye kompyuta. Aliyejifunza programu peke yake hana cha kuhamisha, na kazi yake utaijua: herufi za aina tano kwenye kadi moja, maua kila pembe, na jina la bibi harusi halionekani.

MWALIMU: Tuzungumze kwa mifano ya watu, maana mzee hapendi nadharia. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya vibarua kwenye mkonge Tanga, akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam, akapiga muziki, na hata alipokuwa amekwishaanza kuchora aliajiriwa kama mhudumu Muhimbili. Alianza uchoraji mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya mraba vya ubao wa kukandamizwa, kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi, kwa kudhaniwa mtu mwingine. Ni miaka michache tu ya kuchora, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

SEREMALA: Umenisaidia mimi, mwalimu. Jina lilibaki kwa sababu alishika kitu kimoja. Mraba, rangi ya baiskeli, mnyama. Angekuwa leo anachora, kesho anapiga picha, tusingekuwa tunamtaja.

MWALIMU: Basi pokea George Lilanga. Mmakonde, alizaliwa 1934, akaanza kwa kuchonga mpingo kama wazee wake. Alipofika Dar es Salaam aliingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt, na inasimuliwa kwamba kwanza alikuwa mlinzi pale. Akajifunza batiki. Akachora kwenye ngozi ya mbuzi. Akasanifu mageti ya chuma. Akapaka rangi kwenye mbao na turubai, kazi zake zikaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani, mpaka alipofariki mwaka 2005. Mikono mingapi hiyo?

SEREMALA: Mingi. Sasa niambie, ukikutana na ngozi yake na geti lake, utajua ni vya mtu mmoja?

MWALIMU: Hutakosea. Wale mashetani wake wenye matumbo, masikio mapana na midomo mikubwa wako kila mahali. Wamehama kutoka mpingo kwenda batiki, kutoka batiki kwenda chuma.

SEREMALA: Hapo tumeanza kuelewana.

Mzee amekubali nusu, na nusu hiyo naiona kuwa ndiyo kiini cha mjadala. Lilanga alibadilisha nyenzo, na viumbe vyake vikabaki. Kijana wa Kapalamsenga anapoambiwa "chagua kimoja," aulize kwanza anaambiwa achague nini. Akichagua nyenzo moja, rangi ya mafuta kwa mfano, siku mabango ya fleksi ya kuchapwa yakishuka bei amekwisha. Akichagua mkono wake, yaani namna yake ya kuandika na kupanga, nyenzo zitakuja na kuondoka, naye yupo.

MCHORA VIBAO: Na zinaondoka kweli. Kadi za mchango sizipati kama zamani. Watu wanafungua programu ya Canva kwenye simu wanajitengenezea. Sasa zimekuja programu za akili mnemba, unaandika sentensi, picha inatoka. Nembo ambayo nilikuwa naifanya kwa siku mbili, mtu anaitoa akiwa anakunywa chai. Silalamiki, naeleza hali ilivyo. Kilichobaki mkononi mwangu ni vitu vya kugusa: ukuta, bati, fulana, mtumbwi kule Karema na Ikola kando ya Ziwa Tanganyika, madigadi ya bodaboda. Ndiyo maana nataka kuingia zaidi kwenye kuchapa kwa skrini.

MAMA MFINYANZI: Hiyo skrini ni mashine ya umeme?

MCHORA VIBAO: Hapana, mama. Ni fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi. Unakipaka dawa gizani, kikikauka unaweka juu yake mchoro mweusi, unatoa juani. Palipopigwa na jua dawa inaganda. Palipofunikwa na weusi inabaki laini, unaiosha kwa maji inatoka. Hapo umepata tundu lenye umbo la mchoro wako. Unavuta rangi juu yake, inapenya na kushika fulana. Jua ni letu, maji yapo. Kinachonisumbua ni fremu. Zangu zinapinda. Fremu ikipinda nyuzi hulegea, na rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza.

SEREMALA: Zinapinda kwa sababu unatumia mbao mbichi na unaunga kwa misumari. Kona ya fremu inaungwa kwa ulimi na tundu. Mbona hukuniuliza?

MCHORA VIBAO: Nilidhani utasema nimeanza kazi ya tano.

Watu wa fani wangeweza kujaza karatasi wakieleza jinsi ufundi mmoja unavyoegemea mwingine. Hapa jambo limeonekana kwenye kona ya fremu, na sina la kuongeza.

MWALIMU: Kuna mtu mmoja ninapenda kumtaja, hasa kwa ajili ya mama. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Alianza na usanifu wa matangazo huko Kenya. Mwaka 1971 akaenda Cambridge, Uingereza, kusomea fani hiyo hiyo. Akiwa chuoni akashika udongo, na udongo ukamshinda kuuacha. Katikati ya miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi, akajifunza kwa akina mama wa Kigbari, miongoni mwao Ladi Kwali. Wanajenga chungu kwa mkono, pete juu ya pete, bila gurudumu. Baadaye akasoma Royal College of Art, London. Vyungu vyake leo viko kwenye makumbusho makubwa duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Havipaki rangi ya kung'aa. Anavisugua mpaka vinang'aa vyenyewe, halafu moto na moshi ndio unaoamua kiwe chekundu au cheusi.

MAMA MFINYANZI: Bila gurudumu?

MWALIMU: Bila gurudumu, mama.

MAMA MFINYANZI: Na kusugua kwa kokoto?

MWALIMU: Anatumia kokoto na vitu vingine vya namna hiyo.

MAMA MFINYANZI: Basi hiyo kazi naijua. Mama yangu alinifundisha nikiwa sijaolewa. Unachagua udongo, unautwanga, unachanganya na vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Unaanza na kitako, unapandisha. Unauacha ukauke kidogo, unakwangua, unasugua. Siku ya kuchoma unaangalia upepo. Sasa mnisikilize nyote wawili, wewe mwalimu na wewe mwanangu. Mmekaa hapa tangu mwanzo mnasema sanaa, ubunifu, usanifu. Hakuna aliyeniita mimi msanifu. Chungu changu kina mdomo uliopinda kiasi kinachofaa ili uji usimwagike, kina nakshi shingoni ili mkono usiteleze. Nani alinipangia hayo? Mimi nauza chungu kwa bei ya sahani ya plastiki, na watu bado wanaomba nipunguze.

MCHORA VIBAO: Mama, sufuria ndiyo iliyoua bei.

MAMA MFINYANZI: Sufuria imeua chungu cha kupikia. Haijaua chungu cha maji ya kunywa, wala cha maua, wala chetezo. Wanunuzi wake hawapiti hapa, hilo tu.

Haya ndiyo maneno niliyokuwa nayangoja. Mijadala ya kazi za ubunifu Tanzania huanza na kuisha kwenye kompyuta, na mtu aliyekalia ujuzi mkongwe kuliko wote huwekwa kwenye kundi la "utamaduni", kama kitu cha kuonyeshwa siku ya sherehe. Odundo alitoka kwenye usanifu wa karatasi akaenda kujifunza kwa wanawake ambao kwao ufinyanzi ulikuwa kazi ya kila siku. Kijana wa Kapalamsenga hana haja ya nauli ya Abuja. Wa kumfundisha anakaa jirani naye, naye bado hajaenda kumuuliza.

SEREMALA: Na shaba je? Tunakaa juu ya shaba tunazungumzia udongo.

MCHORA VIBAO: Ng'ambo ya ziwa, kule Lubumbashi, mafundi wanagonga mabati ya shaba na kutoa picha za kuning'iniza ukutani, na malakiti, lile jiwe la kijani, wanalichonga shanga na visanduku. Hapa tunachimba, lori linapakia, basi.

SEREMALA: Wana bati kwa sababu kwao kuna viwanda vya kuyeyusha. Wewe una mawe. Mawe hayagongwi.

MWALIMU: Zamani huko Katanga waliyeyusha malakiti kwa makaa ya mti, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Inawezekana.

SEREMALA: Inawezekana kwa misitu mingapi ya makaa? Wilaya yetu ina vijiji vinane vinavyolipwa fedha za kaboni kwa kutunza msitu, na wewe unataka tuukate tugonge picha?

Mzee yuko sahihi, na jambo hili nalipitia haraka. Shaba ya Kapalamsenga ni jambo la viwanda, na bei yake hupangwa London. Fundi wa mkono anaweza kuyeyusha nyaya chakavu akatengeneza bangili, lakini asijengewe matumaini juu ya mgodi. Katika fedha za kaboni, hata hivyo, mzee amegusa kitu bila kukusudia. Vijiji vile vimejenga madarasa na zahanati, na kila jengo la umma linahitaji kibao, mchoro wa ukutani wa kufundishia, maandishi ya milango. Sheria ya manunuzi ya umma imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo, na zabuni zinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa kielektroniki, NeST. Kijana mwenye kikundi kilichosajiliwa anaweza kuomba. Asiye nacho atampakia mwingine rangi, alipwe kibarua.

MCHORA VIBAO: Kazi ninayoitaka zaidi ni lebo. Asali ya huku inauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, haina jina. Dagaa na migebuka ya ziwani vile vile. Ikifika mjini mtu anaihamishia kwenye chupa nzuri, anabandika lebo yake, anauza kwa bei nyingine. Nikichora lebo hapa, asali inaondoka na jina la mfugaji nyuki.

SEREMALA: Utachorea wapi? Si programu za kuchorea hulipiwa kwa dola?

MCHORA VIBAO: Programu za Adobe tangu 2013 wanazikodisha, unalipa kila mwezi au kila mwaka, na mimi sina kadi ya benki ya kulipia huko. Natumia Inkscape. Ni ya bure, halali, na mchoro wake unakuzwa bila kuchakaa. Napeleka kwa fleshi Mpanda, wanachapa. Tatizo langu ni kwamba wateja wananiambia niweke na alama ya ubora ya TBS, wakati bidhaa haijapimwa. Nikikataa wanakwenda kwa mwingine.

MAMA MFINYANZI: Kataa, mwanangu. Asali mbaya ikimdhuru mtu, mkono uliochora ile alama ni wako.

MWALIMU: Na jina lako liandikwe. Francis Maige Kanyasu, tuliyemjua kama Ngosha, anatajwa na wengi kuwa ndiye aliyeichora nembo ya taifa. Nembo iko kwenye kila ofisi, kwenye fedha, kwenye pasipoti. Yeye tulimjua akiwa mzee mgonjwa, katika dhiki, Buguruni, na alifariki Muhimbili mwezi Mei 2017. Wapo wanaosema mchoraji ni Jeremiah Wisdom Kabati. Ubishi ule usingekuwepo kama kungekuwa na karatasi moja yenye sahihi na tarehe inayojulikana na wote.

SEREMALA: Milango yangu haina sahihi.

MWALIMU: Mlango haunakiliwi kwa simu, mzee. Mchoro unanakiliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini lazima aweze kuonyesha kwamba kazi ni yake.

MCHORA VIBAO: Sasa bei. Mfugaji nyuki akinilipa mara moja, akachapa lebo hiyo miaka kumi, ni haki?

SEREMALA: Mimi mlango nalipwa mara moja, unafunguliwa miaka 30.

MCHORA VIBAO: Lakini mlango ule hauzai milango mingine elfu, mzee.

SEREMALA: Hapo umenishinda. Ila chukua nusu mbele kabla hujashika kalamu. Hilo ni la mafundi wote.

Nawaunga mkono wote wawili kwa namna moja: gharama ya kusanifu iandikwe peke yake na gharama ya kuchapa peke yake, na ikubaliwe kwa maandishi ni nani ana ruhusa ya kuchapa tena, na kwa malipo gani. Fundi mwenye kazi nyingi asipoandika mapatano hupotea haraka kuliko mwenye kazi moja, kwa kuwa madeni yake yametawanyika kwa watu wengi, kila mmoja akidaiwa kidogo.

MWALIMU: Nina ombi. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari tangu 2024. VETA nao wanarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, pamoja na fani ya kupaka rangi na kuandika mabango. Ningependa kijana apate cheti hicho, na wanafunzi wangu waje kwa mama Jumamosi wajifunze udongo. Mchoraji aliyeshika umbo kwa vidole hachori chupa bapa.

MAMA MFINYANZI: Waje. Nani ananilipa?

MWALIMU: Mama, shule haina fungu la...

MAMA MFINYANZI: Mmesema mimi ni msanifu. Mmesema mtu alikwenda Nigeria kujifunza ninachokijua. Kijana anachukua nusu mbele, mzee analipwa mlango. Ikifika kwangu mnasema Jumamosi.

MWALIMU: Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10, asilimia nne ni ya wanawake. Mkiwa kikundi...

MAMA MFINYANZI: Mkopo narudisha. Mimi naulizia malipo ya kufundisha.

SEREMALA: Mama ana haki. Mwalimu, jibu.

MWALIMU: Utataka kiasi gani kwa siku, mama?

MAMA MFINYANZI: Kile kile anacholipwa mzee huyu akija shuleni kwako kutengeneza madawati. Na udongo wanachimba wenyewe.